Bia iliyotoka kiwandani haijaiva bado

Desemba 2006, katika mji mdogo wa Lewes kusini mwa Uingereza, wateja wa baa moja waligoma kunywa. Bei haikupanda, wala hakuna aliyefukuzwa kazi. Baa hiyo, Lewes Arms, ilikuwa mali ya Greene King, kampuni kubwa ya bia ya Bury St Edmunds, na kampuni ilikuwa imeamua kuondoa kaunta bia ya Harveys, inayopikwa mjini humo humo, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Wateja wakatoka nje. Wakasimama barabarani kwenye baridi na mabango yao, wakiwaomba kwa upole waliotaka kuingia waende baa nyingine. Wakakaa hivyo siku 133. Iliripotiwa kwamba mauzo yalianguka kwa asilimia 90 hivi, na Aprili 2007 kampuni ikasalimu amri. Harveys ikarudi kaunta.

Nilipoisikia habari hii mara ya kwanza nilicheka. Kwetu mtu akiambiwa Safari imekwisha atanuna kidogo, atachukua Kilimanjaro, maisha yataendelea. Ilinichukua muda kuelewa kwamba watu wa Lewes hawakuwa wanagombea lebo. Bia wanayoinywa hutoka kiwandani ikiwa haijakamilika, na mikono inayoikamilisha ni mingi kuliko ile inayolipwa mshahara na kiwanda. Ukiondoa pipa moja kaunta umekata mnyororo mzima wa watu wanaofahamiana kwa majina. Nataka tuufuate mnyororo huo, pete moja baada ya nyingine. Msomaji asiyegusa kilevi asikimbie. Hapa hatunywi, tunatazama kazi za watu.

Tuanze na bia yenyewe, maana bila kuielewa hutaelewa kwa nini inahitaji watu wengi namna hii.

Aliyekulia karibu na mbege au busaa ameshafika nusu ya njia. Mbege ya asubuhi ni tamu, ya jioni imechangamka, ya kesho kutwa hata mbuzi ataikataa. Haisubiri wala haisafiri. Imo hai, na kila kilicho hai kina umri. Viwanda vikubwa vya bia viliumaliza usumbufu huo kwa kuiua: bia inachujwa hamira yote, inapashwa moto ili kisibaki kijidudu, inashindiliwa gesi kwenye chombo cha chuma, nayo inakaa miezi bila kubadilika. Waingereza wakakiita chombo hicho kegi, na kufikia miaka ya 1960 kampuni kubwa zilikuwa zinaisukuma kegi kwenye kila baa nchini. (Msomaji wa Kenya asichanganye: keg anayoijua yeye, ya Senator iliyoingia sokoni 2004, inabeba jina hilo la chombo. Bia ninayoizungumzia hapa ni nyingine.)

Bia ya pipa ilibaki upande wa mbege. Hutiwa pipani hamira ikiwa bado ndani yake, inapumua. Huendelea kuchacha humo, hujitengenezea gesi yake yenyewe, kisha huvutwa kwa pampu ya mkono bila kusukumwa na mtungi wowote. Mwaka 1971 Waingereza wanne waliokuwa likizoni magharibi mwa Ireland walikaa baa, wakalalamika jinsi kegi inavyoimaliza bia waliyoizoea, na kabla ya likizo kwisha wakawa wameanzisha chama. Ndicho CAMRA, chama cha kuitetea bia hiyo, ambacho leo kina matawi nchi nzima. Wao ndio walioanza kuiita bia ya pipa bia ya kweli. Jina la kichokozi, lakini lilinasa.

Sasa twende Lewes.

Kiwanda cha Harveys kiko ukingoni mwa mto Ouse, mnara mwekundu wa mtindo wa Kigothi ambao wenyeji kwa utani huuita kanisa kuu la mji. Uliojengwa upya mwaka 1881 ni kazi ya William Bradford, msanifu aliyejaza Uingereza minara ya namna hiyo. Mwingine wake, wa kijiji cha Hook Norton, ulikamilika 1900. Mnara haukuwa wa kujionyesha. Ulikuwa mashine. Nafaka na maji vilipandishwa mara moja tu mpaka juu, kisha vikashuka vyenyewe ghorofa kwa ghorofa: juu vinasagwa na kuchanganywa, katikati vinachemshwa, chini vinachacha, na chini kabisa bia inaingia pipani. Hook Norton walinunua injini ya mvuke mwaka 1899 ya kupandisha mizigo hiyo, na bado wanaitunza. Uzito wa kitu, ukiutumia vizuri, ni kibarua asiyedai mshahara.

Aliyeanzisha biashara ni John Harvey, mwaka 1790, akiuza mvinyo na pombe kali kabla bia haijawa kazi kuu ya nyumba. Wazao wake bado ndio wenye mali. Lakini hapa ndipo neno "kiwanda cha familia" linapowapotosha wengi. Tunawaza baba bosi, mtoto makamu, shangazi mhasibu. Harveys ilikuwa na koo mbili. Walioimiliki walikuwa wazao wa Harvey, ila chumba cha kupikia kilikuwa mikononi mwa Jenner. Anthony Jenner alikuwa mpishi mkuu wa bia, na baada yake mwanawe Miles, aliyekulia kwenye nyumba ya kiwanda akivuta harufu ya kimea tangu utoto, akaja kuwa mpishi mkuu kwa miongo kadhaa na mmoja wa wakurugenzi. Hakurithi hisa za ukoo wa Harvey. Alirithi pua. Ukiwauliza mafundi majahazi wa Lamu watakuambia urithi wa namna hiyo una uzito kiasi gani.

Na yupo mfanyakazi mkongwe kuliko wote hao, ambaye haonekani kwa macho. Hamira ya Harveys ilitoka kiwanda cha John Smith's, Tadcaster, kule Yorkshire, mwaka 1957. Tangu hapo haijanunuliwa nyingine. Kila inapopikwa bia, hamira huzaliana na kuelea juu kama povu zito. Mpishi huikomba, huihifadhi, huitia kwenye bia inayofuata. Ni ujanja uleule wa mama anayebakiza kikombe cha maziwa ya mgando ya jana ili agandishe ya leo. Miaka zaidi ya 60 ya kubakiza kikombe. Hamira hiyo imezoea maji ya pale, yanayotoka kisimani kwenye mwamba wa chaki chini ya kiwanda, na imezoea joto la vyumba vile. Ipeleke kwingine itafanya kazi, lakini itaongea kwa lafudhi nyingine.

Tarehe 12 Oktoba 2000 mto Ouse ulifurika ukaingia mjini. Kiwanda kikajaa maji, watu wakaondoka. Hamira haikuwa na habari. Kwenye matangi yaliyokuwa juu ya maji bia iliendelea kuchacha peke yake, bila mtu wa kuipima joto wala kuipooza. Waliporudi waliionja, wakaona inanyweka, wakaiuza kwa jina la Ouse Booze, mchezo wa maneno kwa jina la mto uliowatesa na neno la mtaani la pombe, ili kuchangia waliopoteza mali kwenye mafuriko. Napenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mpaka halisi wa kazi ya mpishi. Mpishi haichachishi bia. Anaandaa mazingira, kisha anakaa pembeni na kipimajoto kama mkunga.

Siku yenyewe ya kupika haina maajabu mengi kwa mtu aliyewahi kumwona bibi yake na ulezi. Shayiri huloweshwa, huachwa ichipue, hukaushwa: hicho ni kimea, na kwa kawaida hununuliwa kwa wenye viwanda vya kimea, maana hiyo ni taaluma nyingine kabisa. Kimea husagwa na kuchanganywa na maji ya moto ya nyuzi 65 hivi. Baada ya saa moja na kitu wanga umegeuka sukari, na kinachotiririka ni togwa, sioni neno bora zaidi. Machicha yanayobaki huchukuliwa na wafugaji, ng'ombe wanafurahi. Togwa huchemshwa pamoja na hopsi, hupozwa, hutiwa hamira, hukaa siku kadhaa.

Hopsi zinastahili maneno mawili zaidi. Ni maua ya mmea unaopanda juu ya kamba kama maharage marefu, na ndiyo yanayoipa bia uchungu na harufu na kuizuia isiharibike upesi. Bia kuu ya Harveys, Sussex Best, yenye kilevi cha asilimia 4 tu, hutumia aina nne: Fuggles, Goldings, Progress na Bramling Cross, nazo zinatoka mashamba ya karibu, Sussex, Kent na Surrey. Zamani familia za maskini wa mashariki ya London zilihamia Kent kila Septemba kuchuma hopsi. Ndiyo ilikuwa likizo yao, na watoto walitoroshwa shule bila aibu. Mashine ziliwaondoa katikati ya karne iliyopita. Walichobaki nacho wenye viwanda vidogo ni wakulima wachache ambao, wakikosa mnunuzi miaka miwili mitatu, wanang'oa mashina na kupanda kitu kingine. Ndiyo maana mpishi wa kiwanda cha familia humpigia simu mkulima hata mwaka ambao ghala lake limejaa. Anamnunulia ili mwakani mkulima awepo.

Kisha kuna kazi ambayo hakuna mgeni anayeipiga picha: kuosha mapipa. Pipa la kawaida, linaloitwa firkin, linabeba galoni 9, yaani painti 72, karibu lita 41. Linarudi kutoka baa na masimbi chini, limekaa nje siku nne kwenye jua au mvua. Linamwagiwa maji ya moto, linapigwa mvuke, linakaguliwa. Aliyeliosha vibaya ameharibu painti 72 ambazo wakulima, wapishi na hamira walishazitolea jasho. Zamani, enzi za mapipa ya mbao, alikuwepo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuingiza pua kwenye tundu la pipa moja baada ya jingine na kunusa kama limechachuka. Siku hizi mengi ni chuma au alumini. Bado wapo wachache wanaoajiri fundi mapipa wa mbao, kama Theakston wa mji mdogo wa Masham, Yorkshire, ambako mwanagenzi akifuzu hutumbukizwa ndani ya pipa, akamwagiwa masizi, maranda na bia, akabingirishwa huku watu wanashangilia. Unyago wa ufundi, kwa lugha yetu.

Kabla pipa halijafungwa hutiwa kitu ambacho kitawashangaza watu wa Mwanza na Kisumu. Bia yenye hamira hai ni ya ukungu, na Mwingereza anataka bilauri yake iangaze. Dawa yake tangu karne nyingi ni ute unaotengenezwa kwa vibofu vya hewa vya samaki. Vibofu hukaushwa, huyeyushwa kwenye asidi nyepesi, na ute wake ukiingia pipani hukamata chembe za hamira na kuzizamisha chini. Mwanzoni vilitoka kwa samaki wa mito ya Urusi. Baadaye wakageukia samaki wa nchi za joto, akiwemo sangara wa Ziwa Victoria. Ndiyo, mabondo. Yaleyale ambayo wachuuzi wa mwaloni wanayapima kwa gramu, na ambayo leo sehemu kubwa yanaelekea China kwa bei inayoishinda mbali minofu ya samaki mwenyewe. Mvuvi wa sangara aliwahi kuwa, bila kuambiwa, mfanyakazi wa bia ya Kiingereza.

Pipa sasa limefungwa na kupakiwa. Kwa kiwanda cha kegi kazi imekwisha. Kwa bia ya pipa tumefika nusu.

Nina rafiki, kijana wa Marangu, anayetunza chumba cha chini cha baa moja kwenye mji wa kusini mwa Uingereza. Siku moja alinishusha huko kwa ngazi ya mbao. Baridi ya nyuzi 12, sakafu imeoshwa, mapipa sita yamelala ubavu kwenye mbao zake, kila moja limekingwa kabari lisibingirike. Nilinyoosha mkono nitekenye kitu kilichochomoza juu ya pipa.

"Kaka, usiguse hilo. Hilo limelala."

Alichokiita kulala ni hiki. Pipa limetikiswa njia nzima kwenye lori, hamira imetibuka, gesi imejaa. Juu ya tumbo la pipa kuna kizibo, na katikati ya kizibo kunapigiliwa kijiti laini chenye vinyweleo. Alipigilia kimoja mbele yangu: fsss, povu likatoka kama maziwa yanayofurika, akalifuta kwa kitambaa, likatoka tena. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo. Povu likirudi haraka, hamira bado ina njaa, likichelewa, imeshiba. Likitulia anakitoa kijiti laini, anaweka kigumu kinachoziba hewa, analiacha pipa siku nzima au mbili bila kulisogeza hata kidogo. Kisha inakuja bilula. Inawekwa kwenye tundu la mbele na kupigwa nyundo ya mti, pigo moja tu, kwa sababu ukisitasita bia inakuogesha. Alipiga. Akavuta kidogo kwenye bilauri, akaiinua mbele ya taa, akanusa, akaonja, akamwaga.

"Kesho," akasema. "Wao wamepika, mimi naivisha. Ukiifungua mapema inafoka, ukichelewa imepooza."

Nikamuuliza nani alimfundisha. Mwenye baa, akasema, na makosa. Halafu akacheka: "Bibi angeniona huku angeniajiri."

Hapo ndipo hesabu inapouma. Pipa likishafunguliwa, kila painti inayovutwa huingiza hewa kujaza nafasi yake, na hewa ndiyo adui. Una siku tatu hivi. Firkin moja ni painti 72, kwa hiyo baa inahitaji kuuza painti 24 kwa siku za bia hiyo hiyo moja. Baa inayouza kumi itakuwa inawapa wateja siki ifikapo siku ya nne, au itamwaga nusu pipa. Na mteja aliyepewa siki hamlaumu kijana wa chini asiyemwona. Anatazama jina lililoandikwa kwenye mpini wa pampu, anaapa hatainunua tena bia ya kiwanda kile. Jina la ukoo wa miaka 200 linashikwa na mtu ambaye kiwanda hakimlipi hata senti.

Ukishaliona hilo, jambo linalowachanganya wengi kuhusu viwanda hivi linajifungua lenyewe: kwa nini familia ya wapika bia inamiliki majumba? Harveys ina baa zake makumi kadhaa, na wengi wa wenzao wako hivyo hivyo. Sehemu ya jibu ni historia. Sheria ya 1830 ilimruhusu karibu kila mlipa kodi kufungua nyumba ya bia kwa ada ndogo, zikachipuka maelfu. Kuanzia 1869 serikali ikaanza kubana leseni. Leseni zilipokuwa adimu, wenye viwanda wakakimbilia kununua nyumba zenye leseni kabla washindani hawajazichukua. Sehemu nyingine ni ile ya chumba cha chini. Anayemiliki baa anaweza kumfundisha mtunzaji, kumkagua, na kuhakikisha pipa linafunguliwa na mtu anayejua.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Mpangaji anachukua baa pamoja na nyumba ya kuishi ghorofani kwa kodi nafuu, kwa sharti kwamba atanunua bia kwa mwenye nyumba, na kwa bei ya juu kuliko angenunua sokoni. Kampuni inapata faida yake kwenye pipa badala ya kwenye kodi ya pango. Baa ikikosa wateja wote wawili wanaumia, baa ikijaa wote wananeemeka, ndivyo inavyoelezwa. Wapangaji wengi wataeleza tofauti. Watasema kodi si nafuu kama inavyodaiwa, na bei ya pipa inapanda kila mwaka bila wao kuulizwa. Bunge lilisikia vilio hivyo, na mwaka 2016 kanuni za kuwalinda wapangaji zikaanza kazi Uingereza na Wales, ila zinawagusa wenye baa 500 au zaidi peke yao. Familia yenye baa 40 haimo. Hapo mpangaji anategemea moyo wa mwenye nyumba, na mimi siwezi kulipamba hilo. Nimekutana na mpangaji anayesema mkurugenzi alikuja mwenyewe kwenye mazishi ya mama yake. Na wapo wanaosema ukoo ni ukoo, na kodi ni kodi.

Udogo ndio uliowaokoa familia hizi mara moja. Mwaka 1989 serikali iliona kampuni kubwa za bia zimeshika baa nyingi mno, ikaamuru wenye zaidi ya 2,000 wapunguze. Makubwa yakavunjika: mengine yakauza viwanda, mengine yakauza baa, kukazuka kampuni mpya zinazomiliki maelfu ya baa bila kupika hata ndoo moja ya bia. Familia, zikiwa chini ya kiwango, hazikuguswa. Miaka minne baadaye, 1993, zikaunda umoja wao wa viwanda huru vya familia ili zipate sauti moja mbele ya serikali.

Adui wao mkubwa, hata hivyo, mara nyingi hukaa mezani Krismasi. Fikiria hesabu ya kawaida ya mirathi. Mwanzilishi mmoja, watoto watano, wajukuu ishirini. Baada ya karne na nusu hisa ziko kwa binamu mia, wengine hawajawahi kukanyaga kiwandani, wanachokijua ni gawio la mwaka. Mmoja anataka kununua nyumba, mwingine ana deni. Akija mnunuzi na hundi nene, nani atasema hapana? Masham waliipitia yote. Theakston, iliyoanza 1827, iliponyoka mikononi mwa ukoo; mwaka 1984 ikachukuliwa na kampuni ya Matthew Brown, na miaka mitatu baadaye ikamezwa pamoja nayo na Scottish & Newcastle. Paul Theakston hakukubali kukaa ndani ya jumba la wageni. Mwaka 1992 akafungua kiwanda chake mjini humo humo, akakiita Black Sheep, kondoo mweusi, ambaye kwa Waingereza ni yule mtoto asiyeelewana na ukoo. Kisha mwaka 2003 binamu zake, ndugu wanne, wakakinunua tena kiwanda cha babu. Mji mmoja, jina moja la ukoo, viwanda viwili. Kondoo mweusi ndiye aliyeanguka: Black Sheep ilifilisika 2023 ikauzwa kwa wawekezaji.

Wengine walitoka kwa mlango mwingine. Young's wa Wandsworth walifunga kiwanda chao cha London mwaka 2006, na John Young, mwenyekiti aliyeitetea bia ya pipa wakati kila mtu anaikimbia, akafariki wiki ileile ya mwisho. Fuller's wa Chiswick waliuza kiwanda kwa Asahi ya Japani mwaka 2019 kwa pauni milioni 250. Tazama walichobakiza: wote wawili walibaki na baa. Ardhi ya London ina thamani isiyolingana na bia itakayowahi kupikwa juu yake, na hilo kila binamu analijua. Familia inayoendelea kupika, kwa hiyo, imeamua kufanya hivyo. Kila mkutano wa wanahisa ni mahali pa kuuamua uamuzi huo upya. Miongoni mwa watu wa nyuma ya pipa mnisaidie kumhesabu shangazi wa miaka 80 anayekataa kusaini.

Kodi nayo ina mkono wake. Tangu 2002 serikali iliwapunguzia ushuru wapika bia wadogo kabisa, hadi nusu, na viwanda vidogo vikachipuka kila mtaa. Makampuni makubwa yalikuwa na nguvu ya wingi. Familia zilikuwa katikati: kubwa mno kupata nafuu, ndogo mno kushindana kwa bei. Mfumo ulibadilishwa Agosti 2023, ushuru wa vileo vyote ukaanza kufuata kiasi cha kilevi, na bia ya baa ikapewa unafuu kidogo. Lewes wana sababu ya kutabasamu hapo, kwani mtoza ushuru wao maarufu wa zamani, aliyeishi mjini kuanzia 1768 hadi 1774, alikuwa Thomas Paine, yule aliyekuja kuwachochea Wamarekani wadai uhuru.

Na 20 Machi 2020 baa zote ziliamriwa zifungwe kwa ajili ya korona. Mwenye kegi aliitazama tarehe iliyoandikwa kwenye chombo, akahesabu miezi. Mwenye pipa alihesabu wiki. Bia iliyokuwa inaiva kimyakimya kwenye vyumba vya chini nchi nzima ilimwagwa.

Nilirudi kwa yule kijana wa Marangu Jumatano moja jioni. Pipa nililomwona akilitoboa lilikuwa tupu tayari, na alikuwa anapigilia vizibo kwenye matundu yote mawili. Nikamuuliza kwa nini anahangaika kuliziba pipa lisilo na kitu. Hewa, akasema, ukiliacha wazi masimbi yanaoza, na kule kiwandani kuna mzee anayeyaosha ambaye pipa likinuka anajua limetoka baa gani. Akalisukuma kwa mguu mpaka chini ya mlango wa kando ya barabara, mahali lori la Alhamisi linapoegesha.